Jezi ihukumiwe kutoka mzunguko

Julai ikielekea ukingoni, Dar es Salaam nzima inageuka mafundi cherehani. Simba wanajiandaa na Simba Day, Yanga na Wiki ya Mwananchi, na katikati ya maandalizi hayo picha za uzi mpya zinavuja kwenye simu kabla klabu hazijatamka lolote. Saa moja haipiti, hukumu imeshatoka. Kola imekaa vibaya. Kifua kimejaa matangazo. Hii ni sare ya wauza gesi. Wapo pia wanaosema haijawahi kutokea jezi kali kama hii, na ukiwachunguza utakuta ni walewale ambao wangeisifu hata ingekuwa gunia.

Sina ugomvi na kelele hizo, ni sehemu ya raha ya mpira wetu. Ninachogombana nacho ni mahali tunaposimama wakati wa kuhukumu. Tunaitazama jezi ikiwa mkononi, imevaliwa na mchezaji aliyesimama studio akimulikwa taa tatu, na tunaikuza picha kwa vidole viwili ili tuone mshono wa bega. Siku ya mechi tunapanda jukwaa la mzunguko pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, uwanja wa watu 60,000, na kutoka pale mchezaji aliye kwenye kona ya mbali hana hata sura. Mshono hauonekani, kola haionekani, nembo ya kifuani ni doa. Kinachobaki ni rangi, mgawanyo wa rangi hizo mwilini, na ukibahatika namba ya mgongoni. Aliyeko kibanda umiza, mstari wa nyuma kabisa, mbele yake vichwa hamsini na televisheni moja, naye anaona hivyo hivyo.

Kwa hiyo jezi ya mpira inabuniwa kwanza kwa ajili ya mtu wa mbali. Wa karibu anapewa vya ziada baadaye. Klabu zetu kubwa kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikienda kinyume: zinaanza na hadithi ya siku ya uzinduzi, zinamaliza na hadithi ya siku ya uzinduzi.

Chanzo kimojawapo ni teknolojia. Zamani, ukitaka mistari kwenye jezi ulilazimika kuifuma humo humo au kukata vipande vya vitambaa viwili na kuviunganisha, na kila kipande kiliongeza gharama. Mbunifu alibanwa, na kubanwa huko kulimsaidia: alichagua kitu kimoja kikubwa, mistari minene, mkanda wa kifuani, au mikono ya rangi tofauti, akaachia hapo. Leo rangi inachapishwa moja kwa moja kwenye polista. Jezi tupu na jezi yenye michoro elfu moja zinatoka kwenye mashine ileile kwa gharama inayokaribiana. Matokeo yake ni jezi zenye vivuli juu ya vivuli: wekundu ndani ya wekundu, kijani ndani ya kijani, na maelezo marefu ya kila mstari unamaanisha nini. Ukirudi nyuma mita themanini vivuli vyote hivyo vinachanganyika, na kilichokuwa chekundu cha kuwaka kinakuwa chekundu kilichochujuka.

Simba ndio mabingwa wa uzinduzi, na hilo nawapa bila kinyongo. Mwaka 2023 waliipeleka jezi yao Mlima Kilimanjaro, mwaka uliofuata wakaizindulia Hifadhi ya Mikumi. Kama masoko, ni kazi safi. Ila jezi haichezi Mikumi. Yanga nao, tangu msimu wa 2021/22 walipompa kazi mbunifu wa mavazi Sheria Ngowi, walifanya jambo ambalo mpira wetu ulikuwa haujalizoea: shabiki wa kawaida alianza kulijua jina la aliyebuni jezi yake, akamsifu au kumlaumu kwa jina. Hiyo peke yake ni hatua. Mtu akiwa na jina anajibu maswali, na jezi iliyoagizwa tu kutoka kwenye orodha ya kiwanda haina wa kuijibia.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo penye utamu, na ndipo wasomi wetu wa masoko walipowahi kuwadharau wanachama wakakosea.

Mwaka 2011 Vodacom, waliokuwa wadhamini wa Ligi Kuu, walikuwa wametoka kuacha bluu na kuingia kwenye wekundu. Nembo yao mpya ilitakiwa ikae kwenye jezi za timu zote za ligi. Yanga wakagoma. Wanachama wa Jangwani, makao ya Yanga, hawakuwa tayari kuona doa jekundu kwenye jezi yao, hata liwe dogo kama kifuniko cha soda. Mjini watu walicheka. Wakaitwa washamba, wakaambiwa mpira wa kisasa ni biashara na mwenye fedha ndiye anayechagua rangi. Mwishowe ikapatikana suluhu ya nembo kuwa nyeusi kwenye jezi za Yanga, na dunia haikuanguka.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya upande wa pili. Novemba 2021 TFF, shirikisho la soka la nchi, ilisaini na kampuni ya GSM kuwa mdhamini mwenza wa ligi. GSM ni wadhamini wa Yanga. Simba wakakataa kuivaa nembo hiyo, na Februari 2022 GSM wakajiondoa. Safari hii waliocheka walikuwa wa Jangwani.

Mimi nasema pande zote mbili zilikuwa sahihi, na zilikuwa sahihi kwa sababu ya kibunifu kabla hata hujafika kwenye ushabiki. Hebu hesabu vitu vinavyobadilika kwenye klabu. Wachezaji wanabadilika kila dirisha. Kocha akimaliza misimu miwili tunampongeza. Mdhamini ana mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mtengenezaji wa jezi za Simba amebadilika mara kadhaa ndani ya miaka michache, kutoka Uhlsport hadi Vunja Bei hadi Sandaland na kuendelea. Hata jina linaweza kubadilika: hiyo Simba yenyewe ilikuwa ikiitwa Sunderland hadi 1971. Jina la Kiingereza likatupwa, wekundu na weupe vikabaki, na ukiitazama Sunderland ya Uingereza leo utaona bado wanavaa rangi hizohizo. Ukitoa yote yanayobadilika, rangi ndiyo mali pekee ambayo klabu imekuwa nayo muda wote na haijalipia senti. Mwanachama mzee wa Jangwani anayekataa doa jekundu analinda mali hiyo kuliko meneja masoko mwenye shahada.

Anayedhani haya ni mambo ya Kariakoo tu awaulize watu wa Cardiff, Wales. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan wa Malaysia, aliamua timu iliyovaa bluu kwa zaidi ya karne moja sasa ivae nyekundu, kwa hoja kwamba nyekundu ina bahati na inauzika Asia. Ndege wa bluu kwenye nembo akasukumwa pembeni, joka likachukua nafasi yake. Ajabu ni kwamba timu ilifanya vizuri: msimu uleule wa kwanza wakiwa wekundu walipanda Ligi Kuu ya England. Ungetegemea mashabiki wanyamaze. Hawakunyamaza. Timu ikashuka 2014, na Januari 2015 mmiliki akairudisha bluu. Watu wa Cardiff walishapewa mafanikio mkononi na bado wakadai rangi yao.

Nilisema jezi ina rangi na mgawanyo. Huu mgawanyo tumeupuuza mno, na inashangaza kwa sababu pwani hii ina vazi linaloufundisha kila siku. Kanga ina pindo pande zote, ina mji, yaani mchoro mkuu, katikati, ina jina, yaani maneno yake, chini ya mji. Mpangilio huo haujadiliwi. Ndani yake yanaingia korosho, maua, picha za viongozi, ndege, kila msimu toleo jipya, na wauzaji hawajawahi kukosa cha kuuza. Mwanamke akipita ng'ambo ya barabara unajua ni kanga kabla hujajua imeandikwa nini. Jezi ya Simba ina pindo gani? Ya Yanga ina mji gani? Ukiacha rangi, sioni kitu kimoja kinachoiunganisha jezi ya Yanga ya msimu huu na ya miaka mitano nyuma. Mara mikono ina rangi ya pili, mara haina. Mara kuna mistari, mara kuna miale, mara kuna kitu ambacho sina jina lake. Peru wana mkanda mwekundu wa mshazari juu ya jezi nyeupe, na mtengenezaji yeyote akija anakuta mkanda umeshakaa. Anachoruhusiwa ni kucheza na pembeni.

Mfano, Yanga wangeamua kwamba jezi ya nyumbani siku zote ni ya njano yenye mikono ya kijani, basi, mengine yabadilike. Najua wapo watakaosema nyumbani kwa Yanga ni kijani. Mimi napendelea njano mbele, na sababu yangu ni ya macho. Nyekundu na kijani ndizo rangi mbili zinazowachanganya zaidi watu wenye upungufu wa kutofautisha rangi. Kwa wanaume wa asili ya Ulaya Kaskazini hali hiyo inakadiriwa kumpata mmoja katika kila 12; kwa Waafrika ni pungufu, lakini katika uwanja uliojaa hao pungufu bado ni mamia kadhaa ya watu waliolipa kiingilio. Dabi ya Simba ya nyekundu na Yanga ya kijani, kwao, ni timu mbili za kahawia. Yanga wakivaa njano tatizo linaisha. Sijawahi kusikia Bodi ya Ligi ikilitaja jambo hili.

Namba nazo. Kanuni za vifaa za FIFA zinataka namba ya mgongoni iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 35, na itofautiane wazi na rangi ya jezi. Urefu huwa tunaupata. Kutofautiana ndiko kunakotushinda: namba ya dhahabu juu ya jezi nyeupe, namba nyeupe juu ya njano, namba yenye ukingo wa rangi tatu ambao kwenye picha unapendeza na uwanjani unaimeza tarakimu. Mtangazaji wa redio anayetaja jina lisilo lake mara nyingine anastahili kuonewa huruma.

Kuhusu wadhamini nitakuwa na maneno machache, ila makali kidogo. Februari 23, 2021 Simba waliifunga Al Ahly bao 1-0 kwa Mkapa, bao la Luis Miquissone, na kifuani waliandikwa Visit Tanzania. Mdhamini wao kwenye mechi za ligi wakati huo alikuwa kampuni ya kubashiri, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, tayari ilikuwa na mkataba na kampuni nyingine ya kubashiri, kwa hiyo jina halikuruhusiwa kupita. Mwaka 2023 Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, kwa sababu zinazofanana na hizo, kifuani kulikuwa na Haier badala ya SportPesa. Tazama tena picha za mechi hizo. Zimezeeka vizuri. Ile ya Simba hasa: maneno mawili meupe, nafasi ya kutosha kuzunguka maneno, wekundu unapumua. Sheria za CAF ndizo zilizotupa jezi safi katika mechi zetu kubwa.

Kwenye ligi ya nyumbani hali ni nyingine. Msimu wa 2022/23 Simba walikuwa na M-Bet kifuani na Yanga SportPesa, maana yake mtoto wa Manzese au Mbagala aliyenunuliwa jezi ya timu yoyote kati ya hizo mbili alikwenda madrasa au tuisheni akiwa bango la kamari. Ligi Kuu ya England ilishakubaliana kuyaondoa majina ya kubashiri mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26. Sisi tusingoje tufike huko. Jezi za watoto zinaweza kuuzwa bila jina hilo hata kesho, na fedha ya mdhamini isipungue kwa sababu mtoto haruhusiwi kubashiri hata hivyo.

Nembo. Hapa naweza kukosana na vijana wa kompyuta. Kila baada ya muda anajitokeza mbunifu mtandaoni na nembo mpya ya Yanga au Simba aliyoichora mwenyewe, imenyooshwa, imepunguzwa, ina herufi nyembamba, na wanaosifu ni wengi. Juventus walifanya hivyo 2017, wakabaki na J mbili, na kibiashara waliipata faida ya kukaa kwenye kofia na begi. Lakini Leeds mwaka 2018 walitoa nembo ya mtu aliyepiga ngumi kifuani, na ndani ya siku chache makumi ya maelfu ya mashabiki walisaini kuipinga. Klabu ikairudisha kabatini.

Yanga wana ramani ya Afrika na mwenge. Ni vitu vingi kwa nembo moja, nakubali, na kwenye simu vinabanana. Lakini klabu iliyoanzishwa na vijana wa Kiafrika mwaka 1935, chini ya utawala wa Mwingereza, ikajiita Waafrika na hatimaye ikajivika bara zima kifuani, haiwezi kupunguzwa iwe herufi Y kwa sababu ya duara la picha ya Instagram. Safisha mistari, ongeza unene, acha ramani. Mnyama wa nembo ya Simba naye abaki mnyama kamili. Kipimo changu cha nembo ni ukuta wa kijiwe: fundi wa rangi anayechora kinyozi na duka la chipsi aweze kuichora bila kuangalia, na mpita njia aitambue ingawa sikio moja la simba limekuwa kubwa kuliko jingine.

Azam wana shida ya aina yake. Wamejenga uwanja wao Chamazi, walitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi, lakini chapa yao ndiyo ileile ya unga, juisi na aiskrimu, na mtaani wanaitwa Wanalambalamba. Mtu hawezi kujichora tatuu ya unga wa ngano. Timu nyingi za taasisi kwenye ligi yetu, za viwanda vya sukari, za majeshi, za halmashauri, zimekwama hapohapo: nembo inamtaja mwajiri, na mtu wa Turiani anayeipenda Mtibwa anapewa avae kiwanda. Coastal Union ya Tanga ni nafuu sana kwa sababu imebeba mji wake.

Anayetaka kujua ni nini hasa kinachoifanya jezi iwe jezi aende Kariakoo, Mtaa wa Kongo, akatazame feki. Siziungi mkono, kila feki moja inayouzwa ni fedha iliyotoka mfukoni mwa klabu. Lakini mtengeneza feki ni mkosoaji mzuri kuliko sisi wote, kwa sababu hana fedha ya kufuja. Vivuli vya kitambaani anavitupa. Hadithi ya uzinduzi hana habari nayo. Herufi za mdhamini anaziweka zikae zinavyokaa. Asichothubutu kukosea ni rangi, kwa maana akileta kijani kilichoelekea bluu machinga hamchukulii mzigo. Alichokibakiza ndicho wanunuzi wanachokitambua, na klabu ingeweza kukitumia kama mahali pa kuanzia.

Mwisho kuna Taifa Stars, timu yetu ya taifa, na hapa ndipo tunapopotea kabisa. Bendera yetu ina kijani, dhahabu, nyeusi na bluu, na kwa rangi nne hizo tumefanikiwa kuwa timu isiyo na rangi. Cameroon walikwenda kwa mpangilio wa bendera yao: jezi ya kijani, bukta nyekundu, soksi za njano, basi. Brazil nao walikuwa na bendera ya rangi nne na jezi nyeupe waliyoichukia baada ya kufungwa nyumbani 1950. Mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã liliendesha shindano, sharti likiwa rangi zote nne za bendera zitumike. Alishinda kijana ambaye hakuwa amefika hata miaka ishirini, Aldyr Garcia Schlee: jezi ya njano yenye kingo za kijani, bukta ya bluu, soksi nyeupe. Wamekaa nayo mpaka leo.

Sisi tukifuata njia ya Brazil moja kwa moja tutagonga ukuta wa Jangwani. Njano na kijani zimeshikwa. Shabiki wa Msimbazi, yaani wa Simba, hataivaa, hata akiambiwa ni ya taifa, na nyekundu yake haimo kwenye bendera, kwa hiyo hawezi kufidiwa. Nadhani ndiyo sababu Stars imekuwa ikirudirudi kwenye bluu, ingawa sijawahi kusikia kiongozi akilisema hadharani. Basi ikubalike. Jezi ya bluu, bukta nyeusi, dhahabu kwenye namba ili isomeke, kijani kwenye soksi. TFF waandike ni bluu ipi, kwa kipimo cha rangi ambacho kiwanda chochote kinakielewa, na kifungu hicho kikae kwenye mkataba wa kila mtengenezaji atakayekuja, kabla ya kifungu cha bei.